Tonge la Wifi

Siku aliyoamua kumsuta wifi yake, Rahel alianza kwa kuoga. Prasadi, haluwa ya sala ya Makalasinga, haipikwi hivi hivi tu. Unaoga, unafunika kichwa, unavua viatu, na mdomo unamtaja Mungu tangu samli inapoingia sufuriani hadi unapoipua. Marehemu mumewe, Gurdip, Kalasinga aliyekuwa na gereji karibu na stesheni ya Manyoni, ndiye aliyemfundisha. Unga wa ngano, samli na sukari, vyote kipimo kimoja. Na huonji, hata kwa kulamba kidole. Wa kwanza ni Mungu.

Leo ilikuwa kumbukumbu ya mwaka tangu Gurdip afariki. Rahel alichutama mbele ya jiko la mkaa, akayeyusha samli, akamwaga unga, akaanza kukoroga.

"Wahe Guru, Wahe Guru," mdomo ulisema.

Na moyo je? Moyo ulikuwa unasema: njoo, Harbans. We njoo tu.

Harbans alikuwa dada wa Gurdip. Zamani, Joyce binti yao akiwa bado wa chekechea, Harbans alifanya sala nyumbani kwake Dodoma, kisha akapita mwenyewe kugawa prasadi. Watu wamekaa chini, tajiri na fukara mkeka mmoja, maana ndiyo sheria yao: harukwi mtu, na hakuna wa tonge kubwa wala dogo. Joyce akaunganisha viganja kama baba alivyomwelekeza, akaviinua. Harbans akamtazama yule mtoto aliyezaliwa na Mgogo, akampita, akampa wa pili yake. Mtoto akabaki ameinua mikono, akidhani shangazi atarudi. Thubutu! Jamani, mtu mzima na akili zake, kumruka mtoto! Walipofika Manyoni jioni, Joyce alikuwa bado ameviunganisha vile viganja juu ya mapaja.

Gurdip aliambiwa, akafoka, akamnunia dada yake, kisha akasamehe. Rahel hakufoka. Yeye aliliweka kiporo.

"Mama Joyce," aliita Anastasia, jirani aliyekuja kusaidia kuosha vyombo, "kweli atakuja huyo?"

"Atakuja. Alikuwa na kaka mmoja tu."

"Na akija?"

Rahel hakuacha kukoroga. Unga ulikuwa umeanza kuwa kahawia na harufu yake ilikuwa imeshatoka hadi barabarani. "Akija atakaa chini, atanyoosha mikono yote miwili kwangu. Kwangu mimi! Nitamlundikia mpaka immwagikie, nimsute mbele ya watu wote. Alimnyima mwanangu, mimi nitamzidishia. Aone haya mpaka kaburini."

"Si mnasema wote sawa?"

"Leo niache, Anastasia."

"Haya, mimi simo. Ila watu wamekuwa wengi, angalia isije ikapelea."

Rahel akamimina maji ya sukari. Sufuria ikapiga kelele, mvuke ukamvaa usoni, akakoroga kwa mikono miwili huku ameuma meno. Na lile jina la Mungu alilokuwa akilitaja likampotea kabisa, hata hakujua lilimpotea saa ngapi.

Harbans alifika watu wakiwa wameshajaa. Alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Joyce, ambaye siku hizi ni nesi Itigi na alikuja kwa ajili ya baba yake, alikuwa mlangoni akipokea wageni na kupanga viatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Bibi akamkazia macho. "Wewe ndiye Joyce?"

"Ndiye mimi. Karibu, shika mkono wangu."

Akamkalisha mwisho wa mkeka, karibu na mlango, akarudi kwenye viatu. Msomaji wa sala aliyetoka Dodoma alisoma, akamwombea marehemu, akapitisha kisu kidogo cha dini juu ya prasadi. Kisha Rahel akanyanyua bakuli.

Akagawa. Na aliwapunja, tusifichane. Kila tonge alilitoa dogo kidogo, huyu kidogo, yule kidogo, ili la wifi yake litoshe kumsuta. Wageni walipokea, wakala. Alipofika mwisho wa mkeka, Harbans alifungua viganja vyake vyenye makunyanzi.

Rahel akatia mkono bakulini, akakomba yote, akakwangua na kingo. Akamlundikia. Samli ikapenya vidoleni, ikamchuruzikia bibi mapajani.

"Pokea, wifi," alisema, na sauti ilifika hadi uani. "Shika vizuri isidondoke. Kwangu hakuna anayerukwa. Mimi mtoto wa mtu simruki!"

Anastasia akaziba mdomo na kanga. Harbans aliinamisha uso, kidevu kikimtetemeka, asiweze hata kujifuta machozi kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Tusimsingizie Rahel utakatifu: alifurahi. Miaka yote ile alikuwa akiisubiri sura hiyo.

"Mama."

Rahel akageuka. Joyce alikuwa amemaliza kazi ya mlangoni. Alikuwa ameketi chini kando ya shangazi yake, wa mwisho kabisa, amekunja miguu, viganja ameviunganisha na kuviinua kama alivyofundishwa na baba yake.

Mkono wa Rahel ukaingia bakulini, ukazunguka, ukatoka mtupu. Kule jikoni hakukuwa na kitu, sufuria aliikomba mwenyewe.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Subiri kidogo, nita..."

Joyce hakushusha mikono. Alisubiri.

Harbans ndiye aliyesogea. Alijiburura kwa makalio, viganja vimejaa, akaviinamisha juu ya viganja vya Joyce, polepole, mpaka tonge likagawanyika sawasawa.

"Pokea, mwanangu," alisema kwa kilio. "Hii ni ya siku ile. Nisamehe nimekucheleweshea."

"Asante, shangazi," Joyce akajibu, akala.

Akala yote bila kuinua uso kumtazama mama yake. Na Rahel alisimama pale na bakuli lake, watu wote wakimwangalia, maana safari hii aliyemruka Joyce ni yeye.