Debe la Bi Mwanaisha

Kwelea kwelea hawana aibu. Waliposhuka Kwamsisi, mtama wa Bi Mwanaisha ulikuwa umekomaa, umebaki kukatwa tu, na shamba hilo ndilo lililokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Akashinda juu ya dungu akigonga debe na kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Ndege wakifukuzwa huku, wanatua kule.

Mwanawe Kudra, mpiga picha za harusi mjini Chanika, alimpigia simu bwana shamba, Raymond, kumwomba kikosi cha kupulizia dawa.

"Kila mwenye shomoro wawili ananiambia ni kwelea," Raymond akasema. "Nitumie picha ya kundi likiwa hewani, midomo myekundu ionekane. Hapo nitakuwa na la kuwaambia wakubwa."

Midomo! Kwa simu walionekana kama pilipili manga iliyomwagwa angani. Lakini Kudra alikuwa na lenzi ya kuvuta mbali aliyoinunua mnadani Korogwe, ile yenye kioo cha kuakisi mwanga ndani, fupi na nene kama sufuria. Ilivuta kweli, ila ilikuwa na masharti ya mganga: ipate jua kali, tena ilengwe kwa mkono, polepole, na ndege hamsubiri mtu. Akaja nayo shambani, asubuhi nzima akapiga picha akaambulia ukungu mtupu.

"Mama, hivi sitawapata. Unawafukuza jua halijapanda, wanatawanyika kila upande. Waache watue. Mimi nitaulenga ule ufito wenye kitambaa, pale mwisho wa shamba. Jua likikolea nitainua mkono, ndipo ugonge debe wapite pale wote kwa mpigo."

"Niwaache wale?"

"Kidogo tu, mama."

Bi Mwanaisha alitazama shamba la jirani yake Mwaija, ambalo mtama wake ndio kwanza ulikuwa na punje changa. Likiisha lake, litafuata lile.

"Tangu niolewe sijawahi kumnyamazia ndege," akasema. "Haya."

Kesho yake alfajiri walikuja. Walitua wengi mpaka mabua yakainama. Kudra akalenga ufito, akangoja jua. Badala ya jua likaja wingu kutoka upande wa pwani, likakaa pale kama mgeni asiyejua kuaga. Kudra akamwomba Mungu, akalitukana wingu, akaomba tena. Aliwasikia ndege wakivunja punje, shamba zima likitafunwa mbele ya macho yake. Juu ya dungu mama yake alikuwa ameuma upindo wa kanga asije akapiga kelele, macho yote kwenye mkono wa mwanawe.

Angeuinua? Angepata ukungu uleule, na mtama uliokwisha kuliwa ungekuwa umeliwa bure. Akauacha chini. Hakuwahi kuuhisi mkono wake kuwa mzito namna ile.

Jua lilipochomoza mwishowe, akainua. Debe likalia. Kundi zima likanyanyuka, likapita penye ufito, naye akabonyeza bila kupumua. Picha moja ikatoka safi: mabawa wazi, midomo myekundu kama damu, na nyuma yao umande uliogeuka vipete vya mwanga. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na aliichukia palepale.

Akaipiga kwa simu kutoka kwenye kioo cha kamera, akakimbilia juu ya kichuguu, ambako mtandao ulipatikana, akaituma. Raymond hakuchelewa kujibu.

"Ndio wenyewe! Kesho kutwa kikosi kitakuwa hapo."

Kudra alirudi mbio. Bi Mwanaisha alikuwa ameshuka, yumo shambani. Alivunja suke, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Makapi yote yakaruka, kiganja kikabaki kitupu. Akavunja jingine.

"Mama, wanakuja. Kesho kutwa."

"Alhamdulillahi. Mwaija atavuna."

Kudra alitaka kusema samahani, machozi yakamtangulia. Mama yake hakumtazama. Aliliokota debe, akalifuta vumbi kwa kanga, akamkabidhi.

"Mpelekee Mwaija, la kwake limetoboka. Mwambie agonge mpaka hiyo kesho kutwa," akasema. "Mimi sina tena cha kulinda."