Jiwe Lililoitwa Nyumba

Kaka yangu aliniambia niache jiwe liitwe nyumba, na aliniambia hivyo huku anakoroga chai, kana kwamba ananiomba nimsogezee sukari.

Nieleze kwanza, maana hasira bila maelezo huonekana wazimu. Nafanya kazi katika ofisi ya ramani, na kaka yangu, mtoto wa kwanza kwetu, ndiye mkuu wa idara. Mwaka huu ndege ilipita juu ya vilima vyote vya wilaya ikimwaga miali ya leza. Kila mwali ukigonga kitu unarudi, na kila uliorudi unakuwa nukta moja kwenye kompyuta yangu: jani, bati, udongo, mgongo wa ng'ombe. Kazi yangu ni kuchambua. Miti natoa, majengo natoa, mpaka ardhi inabaki uchi na kilele cha kila kilima kinajulikana ni kipi hasa, si kile ambacho watu wamezoea kukinyooshea kidole.

Uchambuzi mwingi hufanywa na programu, na programu ile ina ujinga wake. Kitu chochote kinachoinuka ghafla, chenye kuta zilizosimama wima, inadhani ni jengo na inakikata. Basi kwenye kilima kinachoonekana kutoka dirishani kwetu, kile chenye vichwa viwili, ilikata nyumba juu ya kichwa cha kusini. Nyumba ya nani? Kule hata mbuzi hawapandi. Nikazirudisha zile nukta. Lilikuwa jabali, na lilikipita kichwa cha kaskazini kwa kimo cha mkono wangu, kuanzia begani hadi ncha za vidole.

Kichwa cha kaskazini ndicho chenye nguzo ya zege. Aliisimamisha baba yetu, enzi zake akiwa mpima ardhi, na hakuna harusi wala msiba ambao hajasimulia jinsi alivyobeba saruji mgongoni hadi kileleni. Kaka alikuwa ameandaa sherehe. Wakubwa wa wilaya wangepanda na kibao cha shaba chenye jina la baba, kimeandikwa kwamba hapa ndipo kilele na huyu ndiye aliyekipima. Ramani mpya ingezinduliwa siku hiyo hiyo, na sahihi ya chini ilikuwa yangu.

Nilimwambia kaka jambo analolijua vizuri kuliko mimi: nguzo ya wapima si lazima ikae kileleni, hukaa pale inapoonekana kutoka vilima vingine. Abadilishe maneno ya kibao tu, baba abaki na nguzo yake. Akasema kibao kimeshachongwa. Akasema nifunike kombe mwanaharamu apite, kwani nani atapanda kule kutafuta nyumba? Nikamuuliza tangu lini tunachora ramani kwa kuoneana haya. Akaniita mjeuri. Jioni shangazi akanipigia simu, kutaka kujua kwa nini nataka kumvua nguo kaka yake mbele za watu.

Jumamosi nikapanda mwenyewe na kipimo cha setilaiti, nikiutukana kila mwiba ulionishika. Jabali ni refu zaidi, hakuna ubishi. Lakini juu yake, ndani ya ufa, nilikuta msumari wa shaba umepigwa ukazama, wa aina ile waliyotumia wapima wa zamani kuweka alama. Ulikuwa umeshika kutu ya kijani. Nikakaa pale nikiwa na hasira mpya: kuna mpima aliyefika hapa kabla yangu, na alijua.

Sikupita kwangu. Niliingia kwa baba na matope yangu, nikamkuta kwenye kochi, mguu juu ya stuli, anatazama mpira. Nilimwamkia, akaitikia, nikauliza.

"Baba, kuna msumari juu ya lile jabali. Ni wako?"

"Wangu."

Akaendelea kutazama mpira huku akinieleza. Jabali lilikuwa linateleza, zege lisingeshika. Akaweka nguzo upande wa pili, na kazini akaripoti vilivyo. Kisha mkubwa mmoja akamuuliza mbele za watu kama pale ndipo kilele, naye akaitikia, kwa kuwa tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Baada ya hapo hadithi ikaota ndevu, na yeye akazidi kuzichana.

Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kupima. Nikiwa mdogo alinipa futi nipime meza ya chakula mara mbili, na vipimo visipolingana sikukaa kula. Nilimwambia wazi kwamba nimekasirika, na kwamba nina haki ya kukasirika.

"Iache nyumba, mama," alisema. Huniita mama anapotaka kitu. "Nimebakiza siku za kuhesabu. Nikishazikwa andika unavyopenda, hata kwa wino mwekundu."

Alidhani amenipa njia rahisi. Nikaiona njia yenyewe ilivyo: mimi mezani, ramani imefunguliwa, kazi imesimama, na kila simu kutoka nyumbani naipokea huku sehemu fulani ya moyo ikiuliza kama tayari.

"Hapana, baba. Nitaandika Jumatatu. Nisipoandika, kila ukikohoa mimi nitakuwa na kazi inayongoja ufe. Usinifanye mtoto wa namna hiyo."

Akachukua rimoti, akaongeza sauti ya mpira. Nikaosha kikombe chake, nikafuta matope yangu sakafuni, nikaondoka.

Jumatatu jabali likarudi kuwa jabali, nikatia sahihi kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. Sherehe ikafutwa. Kaka akanihamishia chumba cha nyaraka, kisicho na dirisha, na shangazi anawaambia watu kwamba nimesoma mpaka nikapotea.

Baba hasemi nami. Nikimpelekea chakula hufungua mlango, hupokea bakuli, hurudi kwenye kochi lake. Wiki iliyopita nilisikia anakohoa kabla sijabisha. Nikasimama nje, bado nimemkasirikia, nikamwombea umri mrefu, na hakukuwa na kipande cha moyo wangu kilichoomba vinginevyo.