Nusu Iliyobaki kwenye Chupa

Pale maabara walimwita Wembe, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Kazi yake ilikuwa kukata neva za samaki vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvipaka rangi na kuvipanga juu ya vioo, ili Profesa avitazame kwa hadubini na kuendelea kulitafuna swali lake la miaka ishirini: zile seli zinazojiviringisha kwenye uzi wa neva na kuufunika kwa ala ya mafuta zilianza lini, na kwa mnyama gani?

Papa anazo. Binadamu anazo, ndiyo maana akikanyaga msumari hupata habari kabla hajamaliza hatua. Lakini yupo samaki mmoja wa ukoo wa kale, mrefu kama mkunga, asiye na taya, ambaye neva zake ziko uchi kama nyaya zisizo na mpira. Habari humfikia kwa mwendo wa kinyonga. Profesa aliamini kuwa taya na ala vilikuja karibu wakati mmoja, maana mwenye kuwinda na kuuma hawezi kuwa mzito wa kuhisi.

Mambo ya kale hayakumsumbua Wembe. Aliyemkosesha usingizi ni kaka yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, kwa cherehani hicho hicho cha kukanyaga kwa miguu. Mwaka wa pili sasa miguu ya kaka ilikuwa ikifa ganzi. Siku moja sindano ilimwingia kwenye kidole cha mguu, naye hakujua mpaka jioni, mkewe alipoona damu kwenye soksi.

Hospitali ikamkata kinyama cha neva karibu na kifundo cha mguu. Daktari hakumung'unya maneno. Kama ala imechunika na uzi ni mzima, dawa ipo, na ala huweza kuota tena. Kama uzi wenyewe umekufa, basi. Hospitali haikuwa na mtu wa kuandaa neva, kwa hiyo kinyama kikapelekwa ndani ya chupa kwa Profesa, na Profesa akatafuta mkono mwepesi kuliko yote. Mtu mwenye akili timamu angesema huyu ni ndugu yangu, mpe mwingine. Wembe alisema lete.

Kioo kilitoka cheupe. Ala hakuna hata moja, ila vijidoa vilivyotapakaa, alivyoviona kuwa nyuzi nzima zilizovuliwa nguo. Profesa, ambaye kichwani mwake kulikuwa na samaki tu, akatia sahihi. Daktari akaandika dawa, na wifi yake Wembe akamkumbatia mlangoni mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

Dawa ilimvimbisha kaka mashavu na kumpandisha sukari, lakini alikuwa na raha.

"Jana nimesikia kama sisimizi wanatembea unyayoni," alimwambia kwa simu. "Nimeshamwambia yule wa sare za shule alete vitambaa."

"Usijichoshe, kaka."

"Nimejichosha kwa kukaa, mdogo wangu."

Wiki ya tatu Profesa aliagiza neva za papa. Wembe akafungua kabati kuchukua ile dawa nyeusi inayoshika mafuta na kuyatia weusi, ambayo bila kuitanguliza, spiriti huyaosha mafuta yote na ala ikapotea. Utepe wa kiwandani ulikuwa bado kwenye kizibo. Chupa ile haikuwa imefunguliwa tangu iletwe, mwezi uliopita.

Alihesabu siku; ililetwa kabla ya neva ya kaka. Mwezi mzima alikuwa akikata yule samaki asiye na taya, na kwake huyo dawa nyeusi hurukwa, kwa kuwa hana mafuta ya kupaka. Mkono ulishazoea. Ulimpitisha kaka yake kwenye spiriti moja kwa moja, kama samaki.

Desturi ya maabara ni kukata nusu na kutunza nusu. Ile iliyobaki aliiandaa kwa utaratibu wote, akainamia hadubini na kuomba kimoyomoyo. Ala zilikuwa zimevunjika vipande, vitone vyeusi huku na huku. Nyuzi hazikuwepo. Vile vijidoa vilikuwa seli za ala zenyewe, bado zimejikunja, zikikumbatia nafasi tupu. Aliandaa kioo cha pili, na cha tatu. Alijichukia kwa kila kimoja.

Daktari aliposikia alisema dawa ianze kupunguzwa. Akauliza nani atamwambia mgonjwa. Wembe akasema ni yeye.

Alimkuta kaka kwenye cherehani, sare za bluu zimerundikana pembeni. Wifi alikuwa akipiga pasi. Alieleza yote akiwa amesimama, chupa, spiriti, nusu iliyobaki.

"Nimekosea mimi, kaka. Sikuwa makini."

Kaka alilaza kiganja juu ya kitambaa, akakinyoosha.

"Na wale sisimizi?"

"Sijui. Labda ulitamani sana."

Pasi iliacha kusogea. Kaka akauliza, "Yule samaki wako wa neva uchi. Anaishije?"

"Anaishi tu."

"Nimekuuliza anaishije."

Wembe alitazama sakafu. "Hana taya. Anang'ang'ania ubavu wa samaki mwingine, anamnyonya."

"Na huyo mwingine?"

Wifi aliisimamisha pasi, akaja, akapiga magoti na kuiondoa miguu ya mumewe kwenye pedali, mmoja kisha mwingine, kama afanyavyo kila jioni. Ilikuwa bado asubuhi. Kaka aliinama kuitazama ile mikono, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba imemgusa.