Ndoo Namba Saba

Napenda kutangaza rasmi kwamba ndoo ni chombo cha hatari.

Shangazi yangu alikuwa nazo kumi na mbili, zimefunikwa kifudifudi katikati ya mahindi. Ndani ya kila moja alitundika sponji iliyoloweshwa tindikali ili inase amonia, ile harufu kali ya mbolea inayotoroka udongoni na kupotelea hewani. Kila asubuhi alibadilisha sponji, akazipima maabara, akajua shamba limepoteza kiasi gani. Mimi, niliyekuja likizo kutoka bweni, niliona ni kazi ya kuvizia ushuzi. Ndipo nikafunua namba saba, nikajisaidia haja ndogo kwa heshima zote, nikaifunika.

Siku ya tatu Shangazi aliingia maabara na karatasi, uso umemkauka.

"Niitieni Mizani."

Mizani ndiye aliyepima mbolea ya kila kipande cha shamba. Alikuja akiwa amevua kofia.

"Namba saba imetoa mara tisa ya zile nyingine. Ulimwaga mbolea mara ngapi?"

"Mara moja, mama. Gramu zilezile."

"Mwezi uliopita ulichanganya magunia. Nilikwambia nini?"

"Kwamba nikikosea tena, nirudi nyumbani." Akaiweka kofia kifuani. "Lakini sikukosea, mama. Haki ya Mungu."

Shangazi hajawahi kunichapa. Yeye hukutazama tu, na ukishatazamwa unatamani kuchapwa. Nilihesabu hatua hadi mlangoni: nne. Mizani alianza kuzichomoa funguo za stoo kwenye mkanda wake. Zikagoma. Akaanza upya.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Nilikojoa."

Shangazi akaweka karatasi mezani.

"Wapi?"

"Kwenye saba, Shangazi."

Alinitazama. Kisha akafungua daftari, akaandika kwa wino huku akisoma kwa sauti:

"Namba saba, imefutwa. Sababu: mkojo wa mtoto wa kaka. Hii nitaisoma Ijumaa mbele ya wakubwa wangu, nawe utakuwa umesimama pembeni yangu. Mizani, acha hizo funguo. Nisamehe."

Mizani alivaa kofia. Hakunitazama. Nikashusha pumzi, nimeokoka.

Halafu nikakumbuka kwamba majibu ya sponji za jana yanatoka kesho.

"Shangazi," nikasema, "andika na kumi na moja."