Kioo cha Kujitazamia

Shemeji alilitua boksi juu ya cherehani yangu kama mtu aliyerudi na simba begani. Nikasoma ubavuni: HUKUZA MARA 525. Nikajua tumeliwa.

Mimi ndiye niliyemtuma, kwa sababu duka la saa na darubini hufungwa kabla sijatoka kiwandani. Nilimwandikia karatasi: darubini ya kioo, kioo kipana, ya mtu anayeanza. Sasa ananisimulia huku anacheka kwamba muuzaji ameapa hii ni kioo kitupu, plastiki hamna hata ya dawa. Kulikuwa na nyingine, fupi nene kama ndoo, bei ile ile, lakini inakuza mara chache. Akaona asiniletee aibu nyumbani.

Hasira ya kwanza niliielekeza kwangu mwenyewe. Miaka miwili ya masomo ya jioni, nasinzia na daftari mkono huu na mtoto mkono ule, halafu naandika neno lenye sura mbili. Cha dirisha ni kioo, na cha kujitazamia ni kioo. Mwalimu wetu wa fizikia alitufafanulia vizuri: acheni beseni na chupa kwenye mvua moja, muone ipi imekinga maji mengi. Darubini nayo inakinga mwanga. Upana kwanza, habari za mara ngapi baadaye. Na kwa mtu wa kipato chetu, upana unapatikana kwenye zile zenye kioo cha kujitazamia kwenye kitako cha mwili ulio kama mtungi. Hii ya shemeji, kwa picha ya kwenye boksi, ilikuwa na lenzi mbele, pana kama mdomo wa glasi, na miguu mitatu myembamba, ya kutikisika ukikohoa tu.

"Shem, kitu ni kile kile," alisema. "Mtoto si atatazama juu? Basi."

Hapo ndipo aliponichoma. Binti yangu ana miaka saba, na mwezi mzima anachora pete za sayari ya Zohali ukutani kwa chaki kwa sababu nilimwambia zipo. Angeweka jicho kwenye mrija ule, angeona ukungu unaotetemeka. Ukungu uliokuzwa mara mia tano ni ukungu mkubwa tu. Angejua moja kwa moja kwamba huko juu hakuna kitu, na kwamba mama yake anarudi kila jioni na uongo kwenye mkoba.

Jumamosi nikaomba ruhusa, nikabeba boksi, nikamshika binti yangu mkono, tukaenda dukani.

Muuzaji alikuwa na kidevu kilichonyolewa kikang'aa. Hakuitikia salamu. Aliuliza yuko wapi yule kaka, maana walishaelewana vizuri, mambo haya yana utaalamu. Nikamwambia mwenye darubini ni mimi. Akanionyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikasema sirudishi, nabadilisha, na boksi halijafunguliwa gundi. Akageukia mteja aliyeleta saa kubadilisha betri, akaanza kumhudumia kana kwamba mimi ni upepo uliopita mlangoni.

Nilisikia masikio yanawaka moto. Sikupaza sauti. Niliishusha mwenyewe ile fupi nene kutoka kwenye rafu, nikaiweka juu ya kaunta katikati yao, juu ya saa za watu.

"Dada, usishike vitu," alisema. "Karatasi iliandikwa kioo, nikampa kioo. Kosa langu liko wapi?"

"Kaka, hicho kidevu umekinyolea kwenye kioo cha dirisha?"

Mwenye saa akapasuka kicheko. Muuzaji akajigusa kidevu, na nadhani ndilo lililomponza, kwa sababu hata kijana wa stoo alichungulia kuona kilichokuwa kinachekwa. Binti yangu, wakati sisi tunatazamana kwa ubaya, alikuwa amepanda kwenye stuli na kuinamia mdomo wa mtungi.

"Mama, humu chini kuna jicho," alisema. "Kubwa kama sahani. Nikipepesa, nalo linapepesa."

Mwenye saa akaomba kuangalia na yeye. Akaangalia muda mrefu, akainuka, akamwambia muuzaji taratibu, "Mpe mama wa watu kitu chake."

Alinipa. Aliisukuma juu ya kaunta hadi kwangu, akasema nitarudi nikilia, hiyo haifiki mbali. Nikamjibu kwamba mbali si kazi yake, yake ni kusoma karatasi.

Niliipakata njia nzima ubavuni kama mtoto wa pili. Nyumbani shemeji akaanza: hii ndoo umeitoa wapi tena? Nilimgeuzia mdomo wa mtungi.

"Shem, jitazame."

Akainama, akashtuka, akarudi nyuma hadi akagonga cherehani. Binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado na hasira ya kunitosha hadi jioni, na mawingu, nilipochungulia dirishani, yalikuwa yanaanza kuachana.