Anayepuliza Ataosha Vikombe

Katika karakana ile ya kuchomelea mageti kulikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa bila kusimamiwa. Chai ikishuka motoni ilimiminwa papo hapo, na kila mtu aliinywa hivyohivyo ikiwa inaunguza. Anayepuliza ataosha vikombe vya wote. Sheria hiyo aliitunga fundi mkuu mwenyewe enzi za ujana wake, na kwa kuwa hakuwahi kuosha hata kikombe kimoja, watu wakambandika jina la Birika. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho.

Birika alikuwa mtu wa kujigamba, tusimfiche. Sigara hakuwahi kuitia mdomoni, pombe aliijua kwa harufu ya wenzake, na jirani yake mvuta sigara alipougua mapafu, Birika alirudi kutoka kumjulia hali akisema watu wengine hujitakia. Alisema hayo mbele ya mkewe huku akigida chai kutoka kwenye chupa yake maalumu, ile ambayo nyumba nzima ilikatazwa kuifungua isije ikapoa.

Kisha nyama ikaanza kumkwama kifuani. Akaacha nyama, akasingizia meno. Mkate nao ukafuata, akasema ni vidonda vya tumbo. Sasa aliishi kwa uji, mkanda wake kautoboa matundu mapya kwa msumari, na mkewe akimuuliza anakondeana nini, anamjibu kwa mzaha kwamba anarudi ujana. Mkewe hakucheka.

Alikwenda hospitali kwa siri. Daktari, mwanamke wa rika la binti yake, alimuuliza kuhusu sigara, naye akatabasamu. Alipoulizwa pombe akazidi kutabasamu, kama mwanafunzi aliyeletewa swali alilolikariri. Ndipo akaulizwa chai huinywa ikiwa ya moto kiasi gani. Tabasamu likamtoka. Daktari alimweleza taratibu kwamba hawezi kuapa chanzo ni hicho, lakini vinywaji vya kuunguza, mwaka nenda mwaka rudi, huenda vikaongeza hatari ya saratani ya njia ya chakula. Ilibidi kamera ndogo ipitishwe kooni na kinyama kikatwe kikapimwe. Wakiwahi, yapo ya kufanya.

Siku ya kamera ilipofika, Birika alishinda karakanani akichomelea geti ambalo hata mteja hakuwa na haraka nalo. Aliogopa. Kamera angeivumilia, alichoogopa ni jibu lake.

Tangu hapo akawa mfungwa wa sheria yake mwenyewe. Akipuliza, watamuuliza. Asipopuliza, anajimaliza. Kwa hiyo kila asubuhi alijaza chai mdomoni, akajifanya anakwenda kutafuta bomba nyuma, akaitema ukutani. Nyumbani hakukuwa na pa kutemea. Mkewe alimmiminia kwa mapenzi, akaketi mbele yake akimtazama, naye akameza machozi yakimlenga na kusema imekolea.

Huenda angejikaza kisabuni hivyo mpaka aanguke, kama mkwe wake asingeanza kazi pale. Alikuwa mume wa binti yake wa pekee, ambaye alikuwa mjamzito. Kijana alimhusudu baba mkwe kupita kiasi, akataka kuwa Birika wa pili. Ulimi ulishambabuka, lakini kupuliza hapulizi.

Asubuhi moja aligida kikombe kizima kwa mkupuo. Macho yakamwiva, na mafundi wakamshangilia kwa kugonga nyundo kwenye chuma. Mpiga rangi, mwosha vikombe wa kudumu, akamwambia Birika kwamba mrithi amepatikana.

Birika akakitazama kikombe chake. Alijua hawezi kumkataza kijana bila kusema sababu. Akapiga moyo konde, akakiinua, akapuliza.

Karakana nzima ikaangua kicheko, wakidhani mzee anawachezea shere. Alipopuliza tena, mkwe akaona aibu ya baba ni yake. Akakichukua kile kikombe, akakinywa chote, akakohoa.

"Nimemnywea mimi," akasema, sauti imemkauka. "Baba haoshi vikombe."

Birika akamshika kijana mkono.

"Mwanangu, sijameza kitu kigumu tangu mvua ziishe. Kinakwama hapa. Daktari anahofia saratani, na hii chai ameitaja. Nikamkimbia."

Mkwe alisimama na vikombe viwili vitupu mikononi, akavitazama kana kwamba vimemng'ata.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Twende hospitali, baba. Leo hii."

Birika akatafuta kisingizio. Geti lilikwisha jana. Meno alishayatumia, tumbo alishalitumia. Akainama kukusanya vikombe, kimoja kimoja, polepole kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Sheria ni sheria, alisema, amepuliza mbele ya watu, hawezi kuondoka kabla hajaosha.

Mpiga rangi akamjia, akavichukua vyote.

"Nenda, mzee. Hivi nimevizoea."

Birika akabaki amenyoosha mikono mitupu. Mkwe alikuwa mlangoni, anamsubiri.