Hodi ya Tatu

1.

Siku ile mama alibonyeza mlango, na mlango haukusema kitu.

Akasubiri. Akabonyeza tena.

"Tusekile, njoo. Kaka yako hapigi hodi."

Kaka Ambakisye tulikuwa tumeshamzika, msimu wa mahindi uliopita. Lakini ukiniuliza alitutoka lini, nitakutajia asubuhi hiyo, sebuleni kwetu Tukuyu, mbele ya kompyuta yake.

2.

TAARIFA
Maudhui haya yanahitaji programu ya nyongeza ambayo haitumiki tena katika kivinjari hiki. Asante kwa kusasisha.

3.

Kilichokuwepo ni ukurasa mmoja tu. Nyumba yetu, imechorwa. Ukibonyeza mlango, sauti ya Ambakisye inasema, "Hodi!" Mama anaitikia, "Karibu, baba," anabonyeza tena, mlango unafunguka, na kaka anaingia na mkungu wa ndizi begani. Kaka alimtengenezea mama ukurasa huo mwaka aliohamia Dar.

Kila asubuhi. Kabla ya chai.

4.

(Barazani, likizo moja. Ambakisye na Gwakisa, rafiki yake wa kazini. Gwakisa anaanza.)

— Kaka, hiyo programu yako ya nyongeza itakufa. Vivinjari vinajifunza kufanya yote vyenyewe.

— Vivinjari vyako hivyo? Kimoja ukikiambia duara kinachora duara, kingine kinachora yai!

— Vitapatana.

— Lini? Utakuwa kibogoyo. Yangu inafunguka popote, leo.

— Leo.

— Leo ndiyo ninayoishi, bwana.

5.

Leo.

6.

Mama anasimulia:

"Ambakisye aliiacha kompyuta bila mtandao makusudi, ili kivinjari kibaki kile cha zamani. Sasa Gwakisa kaja kutusalimu. Kompyuta ikaikumbuka simu yake tangu ile likizo, ikavuta mtandao yenyewe. Maandishi yakatokea: Tunaomba ruhusa ya kusasisha. Nikasema, huyu kaomba vizuri. Mtu akibisha kwa adabu utamwacha nje? Nikabonyeza Ndiyo."

7.

Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Gwakisa:

"Dada Tusekile. Kumbe ule ubishi nilishinda mimi. Ningejua ushindi wenyewe ndio huu... Sikiliza. Faili lipo. Naweza kuitoa sauti yake, nikaujenga mlango upya kwa namna ya sasa, ufunguke popote. Ila sijui kama mama atautaka mlango uliojengwa na"

8.

"Mwambie aje," mama alisema. "Na umwambie mlango wetu hufunguka kwa ndani."

9.

Alikuja. Akalifungua faili kama mtu anayefumua nguo ya marehemu, taratibu, uzi kwa uzi. Ndani yake:

hodi

hodi

hodi

na sauti nyingine, baada ya hizo.

Wewe unayesoma unaijua desturi. Unabisha hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya? Unaondoka. Kaka alikuwa ameweka zote. Sisi hatukuwahi kusikia hata ya pili, kwa sababu mama hakuwahi kumwacha asubiri.

Gwakisa akanipa visikilizio vya masikioni, nikamsikia kaka:

"Basi, mama. Nitapita kesho."

Nikavivua. Nje jirani alikuwa anapasua kuni, na aliendelea kupasua, na

10.

"Kuna nini humo?" mama aliuliza.

Gwakisa aliniangalia. Kisha akajibu.

"Kuna maneno ya mtu asiyejibiwa, mama."

"Yaache humo humo. Katika nyumba hii nani alishawahi kukosa kujibiwa? Wewe leo, ulipiga hodi?"

"Nilipiga, mama."

"Nilikujibu?"

"Ulinijibu."

"Basi chora."

Gwakisa akacheka, kisha akajifuta macho kwa ukosi wa shati. Alianza na bawaba. Alikosea. Mlango ukafungukia nje.

"Kwa ndani, we mtoto! Unataka umpige usoni?"

11.

Sasa ukurasa unafunguka katika kivinjari chochote, hata kwenye simu yangu. Mimi nimewahi kusubiri hadi hodi ya pili.

Ya tatu imo.

Mama hujibu ya kwanza.